Sikuwa na baiskeli utotoni: mtihani wa kuzungumza Kiingereza nitajibu nini?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi, nakaa Kisauni, Mombasa, na ninajiandaa kufanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS ili niombe usajili wa uuguzi Uingereza. Kusoma na kusikiliza siogopi. Naogopa kuzungumza. Juzi kwenye mazoezi niliulizwa kama nilikuwa na baiskeli nilipokuwa mdogo. Sikuwa nayo. Kaka zangu walipanda, sisi wasichana tulikatazwa. Nikasema "No, I didn't" nikanyamaza, na mwenzangu aliyekuwa akiniuliza akanyamaza pia. Baadaye akanitumia jibu lake kuhusu baiskeli nyekundu aliyonunuliwa na babake siku ya kuzaliwa. Anasema niseme hivyo hivyo, mtahini hawezi kujua. Je, nikariri hilo? Na mtu ambaye hakuwa na baiskeli ataongea nini?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usilikariri. Katika swali lako fupi umeandika sentensi moja yenye thamani kuliko jibu zima la mwenzako: "Kaka zangu walipanda, sisi wasichana tulikatazwa." Hapo pana watu, pana amri ya nyumbani, pana mtoto aliyetamani kitu akanyimwa. Mtahini akilisikia hilo kwa Kiingereza atataka kujua linalofuata. La kusema unalo. Umedhani tu kwamba swali likianza na "Did you have", mwenye haki ya kuongea ni yule aliyekuwa nacho.

Mtihani wenyewe hauchunguzi utoto wako. Unaketi na mtahini kwa dakika 11 hadi 14, mazungumzo yanarekodiwa, na yamegawanywa sehemu tatu. Swali la baiskeli huja katika sehemu ya kwanza, ile ya dakika 4 hadi 5 ambapo unaulizwa juu yako: kwenu, kazi yako, kisha mambo mepesi kama chakula, mvua, zawadi au baiskeli. Alama hutolewa kwa mambo manne yenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko wa mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna alama ya kuwa na baiskeli.

Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza linataka alama 7 kati ya 9 katika kuzungumza, kusoma na kusikiliza, na 6.5 katika kuandika. Hiyo 7 ya kuzungumza haidai mtu asiyekosea kamwe. Unaweza kusita kidogo ukitafuta neno, ukajisahihisha, hata ukateleza hapa na pale katika sarufi, mradi sentensi zako nyingi ziwe safi, uongee kwa kirefu bila kuhangaika, na ukikosa neno ulizunguke kwa maneno mengine. Sasa rudi kwa "No, I didn't". Ni Kiingereza sahihi. Ila ni maneno matatu, na maneno matatu hayamwonyeshi mtahini chochote. Hajui kama unaweza kusimulia, kulinganisha au kueleza sababu, kwa hiyo hawezi kukupa alama ya kitu ambacho hajakisikia.

Sikiliza jibu kama hili, ambalo nimelibuni kwa kukisia maisha yako:

"No, I didn't, actually. My brothers shared an old one, but the girls in our house weren't allowed to ride. I used to hold the back of it while my little brother was learning, so I suppose I taught him something I couldn't do myself."

Ni sekunde kama 20 tu, na sehemu ya kwanza haihitaji zaidi ya hapo. Ona jinsi lilivyoanza na "No" bila aibu, likaeleza sababu, kisha likaingia kwenye picha moja: msichana ameshika kiti cha nyuma, mdogo wake ananyonga baiskeli. Ndani yake mna "weren't allowed", mna "used to", mna "while" yenye kitendo kilichokuwa kikiendelea. Sarufi yote hiyo imekuja kwa sababu hadithi iliihitaji, na ndiyo maana haisikiki kama ya kulazimisha. Lakini nalo pia usilikariri. Ni langu, na huenda wewe hukushika baiskeli ya mtu yeyote.

Mwenzako anasema mtahini hawezi kujua. Kama unasema kweli au uongo, hilo ni sawa, hajui na wala haulizwi ajue. Kama unakariri, anajua, na mara nyingi ndani ya sentensi ya pili. Sauti inakuwa bapa. Kasi inabadilika, mtu aliyekuwa akisita kwenye swali la kazi yake ghafla anateleza kama redio, halafu swali linalofuata anarudi kusita. Watahini wamefunzwa kuzitambua dalili hizo. Kubwa kuliko yote ni kwamba jibu la kukariri halisikilizi swali. Leo unaulizwa "Did you have a bicycle when you were a child?" Kesho mwingine anaulizwa "Who taught you to ride?" au "Do you think every child should learn to ride a bike?" Yule aliyekariri anamwaga baiskeli yake nyekundu pale pale, na mtahini anaona kuwa aliyeulizwa hakujibu. Akiamua kumchimba, amwulize baiskeli ile iliishia wapi, kwisha maneno. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na sijaona mahali inapodhihirika kama katika chumba kile.

Sasa tuje kwenye utoto wako, maana hapo ndipo kazi ilipo. Kaa mahali patulivu ukumbuke kwa Kiswahili kwanza, bila kuwaza Kiingereza hata kidogo. Nani mtaani alikuwa na baiskeli? Ilikuwa ya kitoto, au lile dubwana jeusi la chuma linaloitwa Black Mamba, ambalo mtoto asiyefikia kiti hupitisha mguu chini ya bomba na kunyonga akiwa amepinda upande mmoja? Kulikuwa na mahali pa kukodi? Kama kwenu mlisherehekea Idi, mkono wa Idi uliishia wapi, kwenye peremende au kwa kijana wa baiskeli za kukodi, wewe ukishika viatu vya kaka yako akingoja zamu? Nani alikuja mlangoni na baiskeli: muuza maziwa, muuza samaki mwenye kikapu nyuma, mtu wa madafu? Uliwahi kubebwa ukaketi upande, miguu ukiiweka mbali na spoku? Nani aliyesema wasichana wasipande, na alitoa sababu gani? Uliwahi kujaribu kwa siri?

Ukijibu hata matatu kati ya hayo, umeshapata zaidi ya alichonacho mwenye baiskeli nyekundu. Ziandike kumbukumbu hizo kwa neno moja moja tu, si kwa sentensi: "kiti cha nyuma", "mchanga", "nyanya alikataa", "goti". Sentensi ukiiandika, akili itaishika kama ilivyo na utarudi kule kule kwenye kukariri.

Vitu vya kwetu visikutishe. Watu wengi husita wakifika kwenye dafu au mkono wa Idi, wakahisi wamekwama kwa sababu Kiingereza hakina neno lake hasa, basi wanaliruka jambo lenyewe. Usiruke. Sema "young coconuts, the ones you drink from". Sema "the money that grown-ups give children at Eid". Kule kuzunguka neno ndiko kunakopimwa kwenye msamiati, na umelifanya kwa kawaida kabisa.

Mitego nayo ipo, na mingi inatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tunaendesha gari na tunaendesha baiskeli, kwa hiyo ulimi hukimbilia "drive a bicycle". Tunapanda mti na tunapanda baiskeli, likatoka "climb a bicycle". Baiskeli ni "ride", iliyopita ni "rode", na baada ya "have" ni "ridden": "I've never ridden one." Hiyo sentensi fupi itakufaa sana wewe. Kuanguka ni "fall", iliyopita "fell". Nasikia "I felt down" kila mara, na "felt" ni kuhisi. Kiswahili husema "tulikuwa na kaka yangu uwanjani" hata mkiwa wawili peke yenu. Ukisema "We were with my brother", msikilizaji anahesabu watu watatu. Sema "I was with my brother". Na kwa kuwa yeye wetu ni mmoja kwa mwanamume na mwanamke, chunga "he" na "she" unapokuwa na haraka. Ukimsimulia nyanya yako kwa "he", mtahini atapotea njia.

Kuna mtego mmoja ninaotaka tukae nao kidogo kwa sababu hadithi yako itakupeleka moja kwa moja kwake. Mtu aliyenyimwa kitu huzungumza kwa masharti: lau ningeruhusiwa, ningejifunza. Kiswahili cha kila siku kinatumia -nge- kwa jambo la sasa na hata kwa lililokwisha kupita, na ile -ngali- ya vitabuni tunaisikia kwa nadra. Kiingereza hakivumilii hilo. Kwa jambo lililokwisha lazima useme "If they had let me try, I would have learned." Wanafunzi wengi husema "If they would let me, I would learn", na papo hapo inasikika kana kwamba bado wanaomba ruhusa. Fanya mazoezi ya muundo huu kwa mambo ya kweli ya maisha yako, si kwa mifano ya kitabuni. "If I'd had a bicycle, I would have ridden it to school." "If we'd lived near the beach, I would have learned to swim." Ukiuzoea mdomoni, utakuja wenyewe, na ukitumika mara moja mahali pake ni ushahidi mzuri wa sarufi yako.

Pia jifunze kutofautisha "used to" na wakati uliopita wa kawaida. Lililokuwa likijirudia, "I used to watch them every evening." Lililotokea mara moja, "One day I took it without asking." Msimulizi mzuri hupita kutoka la kwanza kwenda la pili: kila jioni ilikuwa hivi, kisha siku moja. Wazee wetu barazani husimulia vivyo hivyo, kwa hiyo si jambo geni kwako.

Matamshi sitakaa nayo sana. Hakuna anayekudai lafudhi ya London, na kuiigiza kutakuchosha na kukufanya usieleweke. Wewe mtu wa Pwani una akiba ambayo wengi wanaitafuta kwa tabu: mwenye kusema thelathini na dhahabu sawasawa hana shida na "thing" wala "brother". Panapohitaji kazi ni mwisho wa maneno. Tunapenda kufunga neno kwa irabu, "bike" ikawa baiki. Ikate pale kwenye k. Zile -ed za mwisho zisikike pia: "learned", "pushed", "wanted". Halafu kuna "hurt", "heart", "hat" na "hut", ambazo kwenye ndimi zetu huwa neno moja. Wewe ni muuguzi, utayasema mawili ya kwanza kila siku wodini, kwa hiyo muda utakaoutumia hapa haupotei bure. Ukisimulia goti lililochubuka, sema "it hurt" mpaka isifanane na "heart".

Usidhani baiskeli itaishia sehemu ya kwanza. Katika sehemu ya pili unapewa kadi yenye mada, dakika 1 ya kujiandaa na karatasi ya kuandikia, kisha unaongea peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Kadi inaweza kukutaka ueleze kitu ulichokitamani ukiwa mtoto, ujuzi uliojifunza, au mchezo ulioupenda. Kumbukumbu zako zile zile zinaingia. Ile dakika moja andika maneno manne au matano tu, yakiwa katika mpangilio wa kusimulia: ilivyokuwa nyumbani, nani alikuwa nayo, siku moja, nilivyohisi, ninavyofikiri leo. Hilo la mwisho husahauliwa sana, nalo ndilo linalokuokoa ukiona dakika hazijaisha na hadithi imeisha.

Sehemu ya tatu, dakika 4 hadi 5 tena, inatoka kwako na kwenda kwa jamii: kwa nini watoto wa sasa wanacheza nje kidogo, kama miji itenge njia za baiskeli, kama wavulana na wasichana hulelewa sawa. Hapa wengi huanza kusema mambo ya hewani kuhusu ulimwengu mzima. Wewe sema Mombasa. Kisiwa chetu kinaingilika kwa njia chache, Makupa, Nyali na kivuko cha Likoni, na magari yote yanabanana humo. Mzazi wa Kisauni anapomkataza mtoto kwenda mjini kwa baiskeli juu ya daraja la Nyali, kati ya matatu, tuktuk na bodaboda, unaielewa sababu yake. Hiyo ni hoja, na imejengwa juu ya jambo unalolijua. Kama unataka mfano wa baiskeli kama kazi, basi bodaboda wenyewe walianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, wakivusha watu na mizigo, kabla pikipiki hazijachukua jina hilo. Na kuhusu wasichana, hakuna mtu atakayelijibu swali hilo vizuri kuliko wewe uliyekatazwa. Toa maoni yako waziwazi. Ukiona aliyekukataza, tuseme nyanya yako, alikosea, sema. Ukiona alikuwa na sababu zake za usalama, sema hivyo pia: "I was angry then, but I can see now why she was worried." Mtahini hapimi maoni, anapima unavyoyatetea.

Mazoezi yawe hivi. Chukua kumbukumbu moja na maswali tofauti: ulikuwa nayo, nani alikufundisha, unapanda sasa, ungependa mwanao ajifunze, baiskeli zinatumika sana mjini kwenu. Mwombe mwenzako ayachanganye ili usijue linalokuja. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize ukitafuta jambo moja tu kila mara: leo wakati uliopita, kesho miisho ya maneno, siku nyingine kama umelijibu swali lililoulizwa. Anayejisikiliza kwa kila kitu kwa pamoja huishia kujichukia sauti. Rudia hadithi ile ile bila kujaribu kurudia maneno yale yale. Ikitoka tofauti kila mara na bado ni sahihi, uko tayari. Na huyo mwenzako mrejeshee wema: mwulize baiskeli yake nyekundu ilipata pancha lini, alianguka wapi, nani aliirithi. Huenda kweli alikuwa nayo, na chini ya lile jibu la kukariri mna hadithi nzuri ambayo hajaisimulia.

Jambo la pembeni, kwa sababu hukuliuliza lakini linakuhusu. Baraza lile la Uingereza linakubali pia OET, mtihani wa Kiingereza wa wahudumu wa afya, ambao kuzungumza kwake ni maigizo mawili ya muuguzi na mgonjwa. Huko huulizwi utoto wako. Kwa wewe niliyekusoma, sioni haja ya kuhama, ila ujue mlango huo upo.

Siku ya mtihani usipolisikia swali, sema "Sorry, could you say that again, please?" Kuomba kurudiwa mara moja si udhaifu. Kujibu swali ambalo hukulisikia ndiko kunakoharibu. Na mtahini akikukata katikati ya sentensi usidhani umeboronga. Ana dakika zake za kufuata, na anamkata hata anayeongea vizuri. Iache sentensi ile hapo hapo, usijaribu kuimalizia, usikilize swali jipya na ulijibu hilo.